SUFU NZURI HAITENGENEZWI SIKU YA KUNYOA

Wakulima wawili wa skimu moja hupeleka sufu yao kuuza siku moja. Kila mmoja ana kondoo kumi, na kondoo hao ni wa aina moja. Mmoja hulipwa vizuri. Wa pili huambiwa kwamba sufu yake ni ya daraja la chini, naye hurudi nyumbani akinung'unika kwamba mnunuzi amempendelea jirani yake.

Kabla hujanung'unika nawe, jaribu jambo hili. Chukua kishungi chembamba cha sufu, ukishike ncha zake mbili kwa vidole, kisha ukivute kwa ghafula karibu na sikio lako. Sufu nzuri hulia kama uzi wa zeze, wala haikatiki. Sufu dhaifu hukatika, na mara nyingi vishungi vyote vya kondoo huyo hukatika mahali pamoja. Pale inapokatika ndipo palipoota wakati kondoo alipokuwa na njaa, au alipokuwa na homa, au minyoo ilipokuwa ikimnyonya damu. Unene wa uzi ulipungua wakati ule, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Kwa hiyo, mkulima, sufu ni kama daftari. Kila mwezi kondoo huandika ndani yake jinsi ulivyomtunza, na siku ya kunyoa mnunuzi huisoma. Katika ukurasa huu tutakueleza kazi ya mwaka mzima, ili daftari yako isomeke vizuri.

JE, SHAMBA LAKO LAFAA?

Kondoo wa sufu hupenda nchi ya juu yenye baridi. Hapa Kenya wamefugwa kwa miaka mingi katika sehemu kama Kinangop, Ol Kalou, Molo, Mau Narok na Timau. Ukiwa katika nchi ya chini yenye joto na kupe wengi, usijisumbue na sufu. Huko kondoo mwekundu wa Kimaasai atakufaa zaidi, kwa maana ana nguvu ya asili ya kushindana na minyoo, naye hufugwa kwa nyama.

Hata katika nchi ya baridi usidhani kwamba kuja kwa kondoo ni kuja kwa mali mara moja. Lord Delamere alipoleta kondoo wa kigeni Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao walikufa, ingawa alikuwa na ardhi nyingi na nyasi za kumtosha. Nyasi zile zilikuwa na upungufu wa madini, na kondoo walipatwa na magonjwa wasiyoyazoea. Ikiwa mtu mwenye maelfu ya ekari alipata hasara namna hiyo, wewe mwenye ekari chache wahitaji kuangalia zaidi.

Tena kuna tofauti nyingine. Mashamba makubwa ya zamani yalikuwa na nafasi ya kuhamisha kondoo kutoka malisho haya mpaka yale. Mashamba hayo yalipogawanywa kuwa skimu kuanzia miaka ya 1960, kila mkulima alipata sehemu yake, na sehemu nyingi zimegawanywa tena kwa watoto. Mahali palipo padogo, kondoo hulala, hula na kunya pale pale. Hapo ndipo minyoo huongezeka. Shamba dogo laweza kulea kondoo wazuri sana, lakini haliwezi kumsamehe mkulima mvivu.

WANGAPI, NA WA AINA GANI?

Kondoo watano au sita hula karibu sawa na ng'ombe mmoja. Basi hesabu nyasi ulizo nazo wakati wa kiangazi, usihesabu zile za wakati wa mvua, kisha ndipo uamue. Ni afadhali kondoo wanane walioshiba kuliko ishirini wenye njaa. Kondoo wanane walioshiba watakupa sufu imara na wana wenye nguvu. Wale ishirini watakupa ngozi za kuuza.

Aina tatu zajulikana sana hapa kwetu. Merino ana sufu laini kuliko wote, lakini hupenda mahali pakavu na hutaka ufundi mwingi. Romney Marsh ana sufu nzito zaidi, naye huvumilia mahali penye unyevu na matope kuliko Merino. Corriedale yuko katikati. Aina hii ilipatikana New Zealand katika karne ya 19 kwa kuchanganya Merino na Lincoln, kusudi mkulima apate sufu na nyama kwa kondoo mmoja. Kwa mkulima mwenye shamba dogo, Corriedale anafaa sana, kwa sababu wana wake madume huuzwa kwa nyama. Kumbuka jambo hili: sufu peke yake haitalipa karo ya watoto. Faida ya kwanza ni wana-kondoo, na sufu ni mavuno ya pili juu yake.

Nunua dume safi, hata kama mtashirikiana majirani watatu au wanne. Chunguza kwamba ana miguu mizima, meno yaliyokutana sawasawa na ufizi, mapumbu mawili yaliyo sawa, na sufu isiyo na nywele ngumu wala madoa meusi. Usichanganye kondoo wa sufu na kondoo wa nywele. Wana wao watakuwa na nywele ngumu katikati ya sufu, na nywele hizo hazishiki rangi kiwandani. Tena badilisheni dume kila baada ya miaka miwili, asije akapanda binti zake.

MINYOO NDIYO ADUI WA KWANZA

Katika skimu zenye mvua nyingi, kondoo wengi huuawa na minyoo kuliko fisi. Minyoo mibaya zaidi ni ile midogo ikaayo katika tumbo na kunyonya damu. Mayai yake hutoka pamoja na mavi, huanguliwa katika unyevu, na vijidudu hupanda juu ya majani vikingoja kuliwa. Kondoo aliyelemewa hudhoofika, sufu yake hupoteza mng'ao, na pengine uvimbe laini hutokea chini ya taya. Wana-kondoo hufa upesi.

Mkulima wa skimu aweza kupigana na minyoo kwa njia tatu.

Kwanza, gawanya malisho yako sehemu tatu. Sehemu moja waweke kondoo, ya pili waweke ng'ombe, na ya tatu panda viazi, oti au nyasi za kukata. Kisha badilisha zamu. Ng'ombe akila nyasi zenye minyoo ya kondoo, sehemu kubwa ya minyoo hiyo hufa ndani yake bila kumdhuru. Na mahali palipolimwa viazi, pakipandwa nyasi tena, huwa safi. Hapo ndipo pa kuwaweka wana-kondoo walioachishwa kunyonya, kwa kuwa wao ndio wanyonge zaidi. Usiwalishe kondoo mpaka nyasi zikafika chini kabisa, kwa sababu vijidudu vingi hukaa karibu na udongo.

Pili, jifunze kutazama jicho. Kila wiki mbili wakati wa mvua, mshike kondoo, uvute kope ya chini polepole, utazame ngozi ya ndani. Ikiwa ni nyekundu, ana damu ya kutosha. Ikiwa imepauka kama karatasi, ananyonywa damu, na yafaa apewe dawa siku ile ile. Kwa njia hii utawapa dawa wanaoihitaji, na utaokoa fedha. Tena utamjua kondoo ambaye kila mara ndiye mgonjwa. Huyo usimweke kwa kuzaa.

Tatu, toa dawa kwa kipimo. Wakulima wengi hukisia uzito, na hukisia kidogo ili chupa idumu. Kufanya hivyo ni kuifundisha minyoo kuizoea dawa. Minyoo yenye nguvu huokoka, huzaa, na mwaka unaofuata dawa ile haifanyi kazi tena. Mpime kondoo, au mkadirie kwa uzito wa mkubwa zaidi katika kundi. Muulize Afisa wa Mifugo ni dawa gani inayofaa katika sehemu yako, wala usichanganye dawa kwa kusikia maneno ya sokoni.

Ikiwa shamba lako lina bonde lenye maji yaliyosimama, huko kuna konokono wadogo wanaoeneza minyoo bapa ya ini. Zungushia mahali hapo seng'enge, kondoo wasiingie. Dawa ya minyoo ya tumbo haiui kila mara minyoo ya ini, basi soma maandishi ya chupa kabla ya kununua.

KWATO, CHUMVI NA MAGONJWA MENGINE

Kondoo anayechechemea hali vizuri, na asipokula sufu hukonda. Kata kwato zilizorefuka kwa kisu kikali au makasi ya kwato, hasa kabla ya mvua. Kwato zikianza kuoza na kunuka, safisha, kisha mpitishe kondoo katika beseni la maji yenye zinki salfeti, kilo 1 kwa lita 10 za maji. Msimamishe humo dakika chache, halafu asimame mahali pakavu mpaka kwato zikauke. Asiyepona baada ya kutibiwa mara kadhaa, muuze kwa nyama. Mmoja huyo atawaambukiza wote.

Wape kondoo chumvi ya kulamba, lakini iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kondoo. Chumvi nyingine za ng'ombe zina shaba nyingi, na shaba ni sumu kwa kondoo. Hukusanyika katika ini polepole, na siku moja kondoo aliyeonekana mzima hufa kwa ghafula.

Magonjwa mengine huzuiwa kwa chanjo. Ulimi wa buluu huletwa na visubi wakati wa mvua, na kondoo wa sufu hushikwa nao vibaya kuliko kondoo wa kienyeji. Mdomo na ulimi huvimba, kondoo huchechemea, na hata akipona sufu yake huweza kukatika au kunyonyoka. Chanja kabla ya mvua, si baada ya kuona wagonjwa. Muulize Afisa wa Mifugo pia juu ya chanjo ya ndui ya kondoo na chanjo nyingine zitakiwazo katika kaunti yako.

Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kuua kondoo katika shamba karibu na Ziwa Naivasha. Hutokea wakati wa mvua kubwa zisizo za kawaida, mbu wanapokuwa wengi. Ukiona kondoo wengi wanatupa mimba na wana-kondoo wanakufa kwa pamoja, toa habari mara moja. Usishike mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu wala usile nyama ya mnyama aliyekufa, maana ugonjwa huu hushika watu pia.

Na mbwa wako? Usimpe maini wala mapafu mabichi ya kondoo. Humo mna malengelenge yenye vijidudu, ambavyo huwa minyoo ndani ya mbwa, na kutoka kwa mbwa huweza kumpata mtoto wako.

WAKATI WA KUZAA

Mimba ya kondoo ni kama siku 150, yaani miezi mitano. Kwa hiyo wewe ndiwe unayechagua mwezi wa kuzaa. Ukiacha dume akae na majike mwaka mzima, wengine watazaa katikati ya matope na baridi ya masika, na utazika wana wengi. Ukiwaunganisha mwanzoni mwa Juni, wana wataanza kuzaliwa mwishoni mwa Oktoba, wakati nyasi za mvua za vuli zinapoota, nao watakuwa wameachishwa kunyonya kabla ya masika. Mwache dume na majike kwa wiki sita, kisha mtenge. Kama mvua za kwenu ni tofauti, hesabu kwa njia hiyo hiyo.

Wiki sita za mwisho za mimba ndizo mama anapohitaji chakula kizuri zaidi. Mpe nyasi kavu nzuri, oti mabichi, au pumba kidogo kila siku. Mama akikosa chakula wakati huu, mwana huzaliwa dhaifu, maziwa hupungua, na sufu hupata lile doa la kukatika tulilolieleza hapo juu.

Mwana akizaliwa, paka kitovu dawa ya aidini, na hakikisha amenyonya dang'a katika saa za kwanza. Katika wiki ya kwanza mtie mpira wa kukatia mkia. Mkia mrefu wenye sufu hushika mavi, inzi hutaga hapo, na funza humla kondoo akiwa hai. Acha mkia uliobaki uweze kufunika uke wa jike. Madume yasiyotakiwa kwa kuzaa yahasiwe mapema.

SIKU YA KUNYOA

Nyoa mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi. Katika sehemu nyingi za Nyandarua miezi ya Januari na Februari hufaa. Sufu ya Corriedale huwa imefika kama sentimita 8 hadi 12.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, wafungie kondoo chini ya paa bila chakula. Kondoo mwenye tumbo lililojaa huumia anapogeuzwa, tena atachafua sufu. Usinyoe sufu yenye umande wala mvua. Sufu iliyofungwa na maji huota ukungu, hugeuka manjano, na hupata joto ndani ya gunia.

Tandika turubai safi au nyolea juu ya mbao zilizofagiwa. Usinyolee juu ya udongo wala majani makavu. Wanyoe weupe kwanza na wenye rangi mwisho. Nywele chache nyeusi katika sufu nyeupe hushusha daraja lake lote.

Mketishe kondoo kwa matako, mgongo wake uegemee magoti yako. Akiketi vizuri hatapigana nawe. Anza na sufu ya tumbo, uiweke kando. Kisha endelea na mguu, ubavu, shingo, na kuzunguka mgongo mpaka upande wa pili. Nyosha ngozi kwa mkono wa kushoto, na makasi yapite karibu na ngozi mara moja. Ukiacha sufu ndefu kisha ukarudia kukata, vipande vifupi vitakavyotoka havina kazi kiwandani. Jihadhari na chuchu za jike na ala ya dume. Ukimkata ngozi, paka dawa mara moja.

Sufu iliyonyolewa vizuri hutoka nzima kama blanketi. Itandaze mezani, upande wa ngozi ukiwa chini. Ondoa kingo zenye mavi, jasho na miiba, uziweke katika mfuko wake. Kunja pande mbili ziingie katikati, kisha ikunje kutoka mkiani kuelekea mabegani.

Sasa sikiliza sana, maana hapa ndipo kazi ya mwaka mzima huharibiwa kwa dakika moja. Usifunge sufu kwa kamba ya katani. Usiitie katika gunia la katani wala la plastiki linalotoka nyuzi. Nyuzi hizo hujichanganya na sufu, hazishiki rangi, na huonekana katika nguo iliyomalizika. Tumia mifuko ya sufu, au mfuko mwingine safi usiotoa nyuzi. Wala usiwatie kondoo alama kwa lami au rangi ya mafuta, kwa maana haitoki. Tumia hereni za masikio, au rangi iliyotengenezwa kwa kondoo.

Baada ya kunyolewa kondoo husikia baridi sana. Kwa siku kadhaa walaze ndani, hasa mvua ikitishia. Majeraha yakipona, waoshe kwa dawa ya josho dhidi ya ukurutu, kupe na chawa. Sufu ikiwa fupi dawa hufika kwenye ngozi vizuri.

KUUZA

Uliza bei kabla ya kunyoa, si baada yake. Bei ya sufu hupanda na kushuka, na mkulima mwenye kilo 25 peke yake hana nguvu ya kuzungumza na mnunuzi. Lakini majirani kumi wakinyoa wiki moja, wakatenga sufu kwa daraja na kuleta mzigo mmoja safi kupitia chama cha ushirika, mnunuzi ataona faida ya kuleta gari.

Njia nyingine ni kusokota nyumbani. Huko Nanyuki, kikundi cha wanawake wa kusokota na kufuma sufu kilianza mwaka 1977, na kazi ya namna hiyo imewapa akina mama wengi wa nchi ya juu fedha za mkononi. Sufu iliyooshwa, kusokotwa na kufumwa kuwa zulia au sweta hupata thamani kubwa kuliko sufu ghafi. Kumbuka tu kwamba sufu ikioshwa hupungua uzito sana, kwa kuwa mafuta, jasho na vumbi huondoka. Ndiyo sababu mnunuzi hakubali kulipia matope.

ANDIKA

Mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari ndogo, na umpe mtoto anayesoma kazi ya kuiandika. Kila kondoo awe na namba yake, na mbele ya namba andikeni tarehe ya kuzaa, idadi ya wana, tarehe ya dawa na chanjo, na kilo za sufu. Baada ya miaka miwili utajua ni jike gani anayekulisha na ni yupi unayemlisha bure.

Kazi hii haihitaji mashine wala fedha nyingi. Yahitaji macho yanayotazama kila siku, mkono usiochelewa, na watu wa nyumbani wanaosaidiana. Basi leo jioni, kondoo wanaporudi bomani, mshike mmoja. Vuta kope utazame rangi yake, inua mguu utazame kwato, kisha achanisha sufu ya ubavuni kwa vidole mpaka uione ngozi. Ukiona sufu nyeupe yenye mng'ao na ngozi ya waridi, endelea hivyo hivyo. Ukiona vingine, anza kazi kesho asubuhi, maana sufu ya mwaka ujao inaota sasa.